Maswali ya wasomaji: Mbunge alipiga kura gani, na ilikuwa kura ya nini?

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa sauti tofauti: nitajuaje mbunge wangu anasimama wapi katika mambo makubwa ya nchi? Tumejibu nane. Nyingi zimetoka Kenya, moja imetoka Mwanza na moja Doha.

Mbunge wetu hatuambii lingine matangani ila kwamba alipinga Mswada wa Fedha wa 2024. Kwenye WhatsApp kuna orodha inayosema alipiga Ndiyo. Nimwamini nani? — Msomaji, Nakuru

Usimwamini yeyote kabla hujauliza: kura ipi? Mswada ule wa kodi ulipigiwa kura mbili kubwa. Alhamisi, Juni 20, 2024, katika Usomaji wa Pili, waliounga mkono walikuwa 204 na waliopinga 115. Jumanne iliyofuata, Juni 25, katika Usomaji wa Tatu, waliounga walikuwa 195, waliopinga 106, na kura tatu zikaharibika. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika. Piga hesabu: Alhamisi wapatao 30 hawakuonekana upande wowote, na Jumanne, siku waandamanaji walipoingia majengo ya Bunge, hawakuonekana wapatao 45. Kwa hiyo yawezekana kabisa mbunge alipiga Ndiyo Alhamisi kisha Jumanne hakuwapo. Akisimama matangani na kusema "mimi sikuupitisha mswada ule", hajadanganya, lakini amekuficha kura ya kwanza.

Kila hatua ina maana yake. Usomaji wa Pili ni kura ya dhamira ya mswada: tuendelee nao au tuuzike hapa? Baada yake wabunge huketi kama Kamati ya Bunge Zima na kupitia kifungu kimoja kimoja, na hapo ndipo marekebisho huingia. Usomaji wa Tatu ni kura ya mswada mzima ukiwa umesharekebishwa. Aliyetaka kweli mswada ule ufe alikuwa na nafasi yake ya kwanza Juni 20.

Kisha angalia alichokuwa anakipinga. Mswada ulipochapishwa ulitaka mkate utozwe VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, na magari yatozwe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani yake, kwa kiwango cha chini cha Sh5,000 na cha juu cha Sh100,000. Juni 18, siku mbili kabla ya kura ya kwanza, kamati ya fedha chini ya mbunge wa Molo, Kuria Kimani, ilitangaza kwamba mapendekezo hayo yangeondolewa. Mbunge anayejisifu leo kwamba aliwaokolea mkate anajisifu kwa jambo ambalo mrengo wa serikali wenyewe ulikuwa umeshaliachia. Muulize kuhusu yaliyobaki, kama ile ada ya mazingira kwa bidhaa zinazoagizwa kutoka nje. Alisema nini juu yake, na alisemea wapi?

Namna ya kuhakikisha ni hii. Fungua tovuti ya Bunge, parliament.go.ke, uingie upande wa Bunge la Kitaifa, utafute Hansadi, yaani taarifa rasmi ya yaliyosemwa ukumbini, ya tarehe husika. Siku ya Jumatano huwa na vikao viwili, cha saa tatu na nusu asubuhi na cha saa nane na nusu mchana, kila kimoja na faili lake, na wengi hufungua lisilo lao kisha wakasema jina halimo. Teremka hadi mwisho wa mjadala wa mswada huo, ambapo majina ya waliounga na waliopinga hupangwa kwa safu ndefu. Ukitaka njia fupi, soma Kumbukumbu za kikao hicho. Zenyewe hazina hotuba, bali maamuzi na matokeo.

Orodha ya WhatsApp isiyo na tarehe, isiyotaja hatua ya mswada, isiyo na jina la eneo bunge kando ya kila mbunge, itupe. Wako wabunge wenye majina yanayokaribiana, na mtu asiye na hatia amewahi kuchafuliwa kwa njia rahisi kuliko hiyo. Na iwapo unataka kuitumia kura hiyo mahakamani au kuichapa kwenye bango, jua kwamba Hansadi ya mtandaoni imeandikwa chini ya kurasa zake kuwa ni ya kukupa habari tu. Nakala iliyoidhinishwa huombwa kwa mkurugenzi wa huduma za Hansadi.

Utasikia pia kwamba kura ile "haina maana" kwa sababu Rais alikataa kutia saini Juni 26 na mswada haukuwa sheria. La hasha. Mbunge alipobonyeza Ndiyo hakujua kwamba mswada ungekufa kesho yake.

Anasema anaunga mkono nyumba za bei nafuu lakini anapinga ushuru wa nyumba. Inawezekana? Na ikiwa kura ilipigwa kwa sauti, nitapata wapi jina lake? — Msomaji, Machakos

Inawezekana, na ushuru huu ndio mfano mzuri kuliko yote wa jinsi ya kupima kauli kama hiyo, kwa sababu ulipita Bungeni mara mbili kwa njia mbili.

Mara ya kwanza, Juni 2023, asilimia 1.5 ya mshahara ilikuwa ndani ya Mswada wa Fedha wa 2023 pamoja na mambo mengine mengi, ikiwemo VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Usomaji wa Pili ulipita kwa kura 176 dhidi ya 81. Mbunge aliyepiga Ndiyo hapo anaweza kudai alitaka mengine yaliyokuwamo. Aliyepiga La naye anaweza kudai alichukia mafuta tu, hakuchukia nyumba. Mzigo ukifungwa pamoja huwezi kusema kila kitu ndani yake kimependwa na mbebaji.

Novemba 28, 2023 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ushuru huo ulikiuka Katiba. Serikali ikarudi na mswada wa nyumba peke yake. Februari 21, 2024 Bunge la Kitaifa likaupitisha kwa kura 141 dhidi ya 58, Seneti nayo ikaujadili na kuupitisha, na Rais akautia saini Machi 19. Hapa hakuna tena kisingizio cha mafuta. Hii ndiyo kura ya kumpimia mbunge wako.

Tena tazama jumla: 141 na 58 ni 199. Karibu wabunge 150 hawamo. Katika jambo linalokata mshahara wa kila aliyeajiriwa, hao 150 ndio wanaohitaji kuulizwa kwa sauti kubwa kuliko wale 58. Kuna waliokuwa wagonjwa, kuna waliokuwa safarini kwa kazi rasmi. Hata hivyo mbunge anayekwepa kura ngumu mara tatu, nne, ameshakueleza msimamo wake. Katiba yenyewe, Kifungu cha 103, humwondolea kiti mbunge anayekosa vikao vinane katika msimu mmoja bila ruhusa ya Spika ya maandishi na bila maelezo ya kuridhisha, lakini kuhudhuria kikao na kupiga kura ni mambo mawili tofauti. Mtu huweza kuandikisha jina asubuhi na asiwepo kengele ya kura inapolia.

Kuhusu kura ya sauti: maamuzi mengi Bungeni hupita hivyo. Spika huuliza, wanaounga husema Ndiyo, wanaopinga husema La, naye huamua kwa sikio. Hakuna jina linaloandikwa. Mbunge asiporidhika anaweza kudai kura ihesabiwe, na wenzake wa kutosha wakisimama kumuunga mkono, kengele hulia na kura za majina huanza. Basi ikiwa wako anasema alipinga lakini kura ilikuwa ya sauti, tafuta mambo mawili katika Hansadi: je, alizungumza kupinga? Na je, alikuwa miongoni mwa waliosimama kudai hesabu? Akiwa hayumo kote kuwili, usimwandike kuwa alipinga. Andika "haijulikani", na yeye ndiye mwenye mzigo wa kukuonyesha vingine.

Seneta wetu hakupiga kura ya Mswada wa Fedha wa 2024. Alihepa? — Msomaji, Kakamega

Hapana. Mswada wa kodi ni mswada wa fedha kwa maana ya Kifungu cha 114 cha Katiba, na huanzia na kumalizikia Bunge la Kitaifa. Seneta anayekuahidi kwamba "nitaupinga Mswada wa Fedha" anakuahidi kura ambayo hana.

Mpime kwa yaliyo mikononi mwake: mgao wa fedha kwa kaunti, miswada inayohusu kaunti, na kumwondoa gavana. Mfano wenye mafunzo mengi ni mvutano wa 2020 juu ya mfumo wa kugawa mapato baina ya kaunti. Maseneta walikwama kikao baada ya kikao, kwa sababu mfumo uliopendekezwa ungezipunguzia fedha kaunti zenye watu wachache. Walikubaliana Septemba mwaka huo, baada ya kuahidiwa kwamba fungu zima lingeongezwa. Mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao ukapanda kutoka Sh316.5 bilioni hadi Sh370 bilioni. Mjadala ule ulivuka vyama kabisa, na hotuba zake bado zinakueleza seneta yupi alitetea idadi ya watu, yupi ukubwa wa ardhi, yupi umaskini.

Jihadhari na jambo moja unapohesabu. Katika mambo ya kaunti, Kifungu cha 123 huipa kila kaunti kura moja, inayopigwa na seneta aliyechaguliwa kwa niaba ya ujumbe wake. Kwa hiyo seneta mteule asipoonekana katika hesabu hiyo si kosa lake. Katika mambo mengine kila mmoja ana kura yake, ndiyo maana marekebisho ya Katiba ya BBI (mpango wa maridhiano), Mei 2021, yalipita Seneti kwa kura 51 dhidi ya 12, jumla inayozidi kaunti 47.

Mbunge anasema chama kilimlazimisha. Je, chama kinaweza? — Msomaji, Eldoret

Kinaweza kumbana. Hakiwezi kumpigia kura. Mbunge wa Kenya hupoteza kiti akijiuzulu chama kilichomleta Bungeni au akihesabiwa kisheria kuwa amekihama. Kupiga kura kinyume na kiranja, yaani msimamizi wa kura za chama Bungeni, si kujiuzulu. Silaha halisi ya chama ni vyeo na kamati. Mei 2020 Kipchumba Murkomen na Susan Kihika waliondolewa katika uongozi wa wengi Seneti, na mwezi uliofuata Aden Duale akaondolewa kuwa kiongozi wa wengi Bunge la Kitaifa. Wote watatu walibaki na viti vyao.

Kwa hiyo shinikizo lipo, na linauma, kwa sababu mwenyekiti wa kamati ana posho na ana sauti. Lakini BBI hiyohiyo ilipopigiwa kura Bunge la Kitaifa usiku wa Mei 6, 2021, kwa 224 dhidi ya 63, wabunge wa chama tawala walikuwa pande zote mbili. Waliokataa walikataa. Mbunge anayekwambia "nililazimishwa" anakwambia kwamba alilinganisha uenyekiti wa kamati na matakwa yako, akachagua.

Wetu amejenga madarasa mengi kwa NG-CDF. Si huo ndio msimamo wake juu ya elimu? — Msomaji, Kitui

Madarasa ni jambo jema, na usiyabeze. Ila huo si msimamo. NG-CDF ni mfuko wa kisheria wa maendeleo ya maeneo bunge: angalau asilimia 2.5 ya fungu la serikali kuu katika mapato ya taifa, na kila eneo bunge hupata sehemu yake awe mbunge ni hodari au mzembe. Swali la elimu kitaifa ni lile la Sh22,244, kiasi ambacho serikali imeahidi kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kwa mwaka. Shule yako hupokea kiasi gani hasa? Mbunge alisema nini katika mjadala wa makadirio ya bajeti, kati ya Aprili 30 yanapowasilishwa na Juni 30 mwaka wa fedha unapofungwa? Alileta pendekezo la kuhamisha fedha kutoka wizara gani kwenda kwa wanafunzi? Hapo ndipo penye msimamo.

Kuhusu mfuko wenyewe, Mahakama Kuu iliamua Septemba 20, 2024 kwamba sheria yake inakiuka Katiba na ikaupa muda hadi Juni 30, 2026. Kujibu hilo, mswada wa kuuingiza katika Katiba ulipita Bunge la Kitaifa Julai 2025 bila upinzani. Ukitafuta jambo ambalo wabunge wa mirengo yote wana msimamo mmoja, ndilo hilo.

Huku Tanzania tunafuatilia vipi? Kila mbunge humaliza kwa "naunga mkono hoja". — Msomaji, Mwanza

Umeshika penyewe. Mchango wa dakika kumi unaweza kuwa lawama tupu kwa wizara na ukaishia "naunga mkono hoja asilimia mia moja". Ukisoma mwisho tu utadhani ameridhika. Ukisoma katikati tu utadhani amepinga. Lazima usome vyote viwili, na Taarifa Rasmi za Bunge ziko kwa Kiswahili, jambo ambalo wasomaji wetu wa Kenya hawana budi kulitamani.

Kura za majina ni chache. Ile ya bajeti kuu, Juni, hupigwa kwa kila mbunge kuitwa jina naye akajibu. Lakini ipime kwa uzito wake: Ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti, na mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama chake hupoteza ubunge, wala hakuna mgombea binafsi wa kurudi kwa mlango mwingine. Ndiyo maana kura hiyo pekee haikuelezi mengi.

Tafuta kushika shilingi. Wakati wa Kamati ya Matumizi, linapofikiwa fungu lenye mshahara wa waziri, mbunge husimama na kusema asipopata maelezo ya kuridhisha atashika shilingi, yaani atatoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara huo. Hapo lazima ataje jambo moja mahususi, na waziri lazima ajibu. Andika mambo matatu: alishika shilingi kwa ajili ya nini, alijibiwa nini, na kwa nini aliirudisha. Anayeirudisha baada ya "tutalifanyia kazi" si sawa na anayeirudisha baada ya kutajiwa kiasi cha fedha na tarehe. Angalia pia saa, kwa sababu muda ukiisha mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo bila kujadiliwa, na mbunge anaweza kuwa alijiandaa lakini hakufikiwa. Kisha soma maswali ya nyongeza. Swali la msingi huandikwa mapema na mara nyingi ni la barabara ya jimboni. La nyongeza ndilo humfichua mtu anayeijua sera.

Mimi ni Mkenya niliye ng'ambo. Nina mbunge kweli? — Msomaji, Doha

Kufikia uchaguzi wa 2022, Wakenya walioko nje walipigia kura kiti cha urais pekee. Hata hivyo Kifungu cha 119 humpa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, popote alipo, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 humpa raia haki ya kujibiwa ndani ya siku 21.

Kikundi chetu cha vijana kinataka kutayarisha rekodi ya mbunge kabla ya Agosti 2027. Tuanzie wapi, na tukigundua kasoro tufanye nini? — Wasomaji, Kilifi

Anzeni na kura sita, msizidi. Mkichukua miswada hamsini mtachoka kabla ya kufika katikati. Tungependekeza hizi: Mswada wa Fedha wa 2023, ule wa nyumba wa Februari 2024, ule wa Fedha wa 2024 (kura zote mbili, kila moja mstari wake), kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua Oktoba 8, 2024, ambapo 281 waliunga na 44 wakapinga, na mmoja unaowagusa ninyi moja kwa moja, wa uvuvi au wa ardhi.

Chukueni daftari la mistari mipana, au jedwali la kompyuta, na safu hizi: tarehe, jina la mswada, hatua yake, swali lililoulizwa ukumbini, kwa sentensi moja, kura yake (Ndiyo, La, hakuegemea upande, hakuwapo, au haijulikani), maneno yake mwenyewe kutoka Hansadi pamoja na namba ya ukurasa, na alichosema nje ya Bunge kuhusu jambo hilohilo. Safu ya swali ndiyo inayoharibika mara nyingi. Watu huandika "mswada wa kodi" tu. Kumbe kura ile ilikuwa ya kuahirisha mjadala, au ya rekebisho la mwenzake, na aliyepiga La alikuwa analinda kitu mnachokipenda. Mmoja ajaze, mwingine asiyeona jibu la kwanza ajaze tena, kisha mlinganishe.

Mkitafuta ndani ya Hansadi kwa neno, tafuteni kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mbunge akianza hotuba kwa lugha moja hutakiwa kuimaliza kwa lugha hiyo, nayo huchapwa kama ilivyosemwa. Wabunge wa Pwani wanaozungumza Kiswahili hupotea katika utafutaji wa Kiingereza, kisha huitwa wabunge bubu. Kwa idadi ya michango mnaweza kuanzia Mzalendo, shirika linalochapisha tathmini ya wabunge kutokana na Hansadi. Idadi hiyo itawaambia nani husema mara nyingi. Upande anaousemea mtautafuta wenyewe.

Mkimaliza, mpelekeeni nakala ofisini kabla ya kuichapisha na mumpe siku 14 za kujibu kwa maandishi. Jibu lake liingie lilivyo, hata likiwakera.

Mkiona mswada unakuja na mnataka ubadilike, msingoje kura. Tangazo la kukusanya maoni hutoka magazetini na kwenye tovuti, na siku huwa chache. Barua ya kurasa tisa za malalamiko haisaidii kamati. Andikeni safu tatu: namba ya kifungu, maneno mnayotaka yawekwe au yafutwe, na sababu isiyozidi mistari mitano. Mjumbe wa kamati anaweza kunyanyua safu hiyo ya pili na kuipeleka ukumbini kama marekebisho.

Na iwapo jambo lenu linahitaji ombi rasmi chini ya Kifungu cha 119, liandikeni kwa Kiswahili bila wasiwasi, ni lugha rasmi ya Bunge. Pasiwe na maneno yaliyofutwa wala kuongezwa juu ya mstari. Mseme mlishajaribu kupata suluhisho katika ofisi husika na mkajibiwa nini, mseme kama jambo liko mahakamani au haliko, na mmalizie kwa kutaja hasa mnachoomba Bunge lifanye. Kila anayetia saini au dole gumba aweke jina lake kamili, anwani na namba ya kitambulisho. Saini ziwekwe pia kwenye karatasi yenye maandishi ya ombi lenyewe. Karatasi za majina matupu zilizobanwa nyuma ndizo hutiliwa shaka kwanza.